Mzee Akipata

Misafara iliyotoka Bagamoyo, ikishavuka nyika kame ya Mgunda Mkali, iliingia Unyamwezi kwa mlango wa Tura. Kutoka Tura ilipita Rubuga, ikalala Kigwa, kisha ikafika Unyanyembe, ambako leo ni Tabora. Tura na Kigwa hazijahama. Ni kata za jimbo letu la Igalula, na wanafunzi niliowafundisha wengine walikuwa wanatembea kutoka pande hizo kuja kwa ndugu zao hapa stesheni ya Igalula. Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857, wakaingia Kaze, huko huko Unyanyembe, tarehe 7 Novemba. Stanley alipopita mwaka 1871 aliikuta Rubuga imebaki magofu, imeliwa na vita vya mtemi Mnywa Sele na Waarabu wa Unyanyembe.

Wageni hao waliandika sana. Waliandika idadi ya mizigo, homa zao, hongo waliyotozwa na ubishi wa wapagazi. Jambo ambalo mimi nimelitafuta katika habari zao kwa muda mrefu wamelipita bila kugeuka: mpagazi akifika kwao na robota la merikani begani, mama yake mzee alipata nini, na majirani walimwangalia vipi kuanzia siku hiyo?

Nauliza kwa sababu swali hilo bado liko hai. Nimestaafu ualimu wa shule ya msingi hapa Igalula, na kwa kuwa nasoma barua za serikali bila kugugumia, wazee wa upande wetu wananiletea makaratasi yao. Kadi za matibabu, fomu za fidia, karatasi za benki zilizokunjwa mara nne na kuviringishwa kwenye kitambaa. Kila mmoja anazunguka, lakini mwisho anafika pale pale: nimeangukiwa na fedha kidogo, sasa ile ya serikali wataniondolea?

Twende taratibu, maana haya hayakuanza na TASAF, mfuko wa serikali unaotoa fedha hiyo.

Kazi ya upagazi ilikuwa ya kiangazi. Watu walivuna, wakaondoka, na aliyejaliwa alirudi kabla mvua haijakolea ili ashike jembe. Ujira ulilipwa kwa vitu: merikani, ile pamba nyeupe iliyotoka viwanda vya Marekani, kaniki, shanga, masango. Kijana ambaye hakuwahi kuiona pwani aliposa kwa shida. Utani wetu na Wazaramo na watu wengine wa pwani ulizaliwa njiani humo, na ukienda kwenye msiba wenye watani mpaka leo utajua kwamba njia ile haijafungwa.

Mzigo ukifika nyumbani, mikono iliyousubiri ilikuwa mingi. Kama ni pembe, mtemi alikuwa na haki yake: tembo akiuawa kwenye ardhi yake, jino lililolala upande wa chini, lililogusa ardhi, lilikuwa lake. Kama ni nguo, wakwe walikuwepo, wajomba walikuwepo, na mwenye deni la majembe tangu mahari ya mwaka juzi naye alikuwepo. Mzee hakupokea moja kwa moja. Alipokea kupitia kwa mtoto, tena mbele za watu, na doti moja ya kaniki mabegani mwa bibi kizee ilitangaza kuliko mbiu.

Sasa upande wa pili. Mtemi hakuwa mpokeaji tu. Watu walimlimia shamba, na nafaka ile iliwekwa ikulu kwake. Msimu ukiharibika, mjane au mzee asiye na mtoto wa kumlimia alitazamia kupata chochote kutoka huko. Hapakuwa na fomu. Palikuwa na mwanangwa, mkuu wa kijiji, na palikuwa na wanyampara waliojua kihenge cha nani kina kitu na cha nani kinapigwa na upepo. Yaani haki ya mzee kusaidiwa ilikaa kwenye macho ya majirani. Ndiyo maana nguo mpya ilikuwa na hatari yake. Aliyeonekana amepata alitazamiwa kutoa. Kuomba kwake kuliangaliwa mara mbili.

Hata hivyo nguo hailiwi. Njaa ikiingia, mwenye nafaka ndiye anayepanga bei, na robota zima la merikani linaweza kuishia kwenye vibaba vichache vya mtama. Mzee aliyeitwa tajiri mwezi wa nane angeweza kuwa mwombaji mwezi wa pili, na wanyampara walilijua hilo kwa kuwa nao walikuwa wanauza nguo zao. Sidai kwamba watemi wote walikuwa na huruma. Wengine walikuwa wanyang'anyi watupu. Ninachosema ni kwamba jicho lao lilikuwa karibu, na lilirudi kuangalia kila msimu.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo sherehe za utamaduni zikifika huwa tunairuka. Mali ya misafara ilinunua watu. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 wenye uwezo Unyamwezi walikuwa na watumwa wa kulima mashamba huku vijana wa nyumbani wakiwa njiani, na wengi wa watumwa hao walikuwa wanawake kutoka nchi zilizo magharibi ya Unyamwezi. Mzee mwenye watumwa hakuhitaji tena jirani wa kumsaidia palizi. Hakuhitaji hata kuwa mwema. Ukitaka kujua mali ya ghafla inavunja nini, anzia hapo.

Kwa asiyetaka kuonekana, njia ilikuwa moja ambayo haijazeeka: geuza mali iwe ng'ombe, kisha ng'ombe wawekeshe kwa mtu mwingine, kijiji kingine. Sababu zinazotajwa ni nzuri, kwamba ugonjwa ukipiga boma moja usimalize wote, kwamba wavamizi wasikute kundi zima. Na macho ya ndugu? Hilo halitajwi, lakini kila mtu analijua.

Mjerumani alipokuja, alikuja na hesabu ya namna nyingine. Isike wa Unyanyembe alianguka Januari 1893, akijilipua kwa baruti ndani ya boma lake, na miaka michache baadaye, kwa amri ya mwaka 1897, ikaanza kodi ya nyumba: rupia 3 kwa kila nyumba ya kijijini. Angalia kilichohesabiwa. Kihenge hakikuhesabiwa, wala ng'ombe aliyewekeshwa ng'ambo ya mto. Ilihesabiwa nyumba, kwa kuwa nyumba inaonekana kutoka barabarani na haikimbii. Watu wa sehemu nyingi za koloni wakaanza kubanana, familia mbili paa moja, ili kupunguza nyumba. Bibi mjane aliyekuwa na kibanda chake akajikuta ni mzigo wa rupia 3 juu ya kichwa cha mwanawe.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upagazi wa masafa marefu ukafa mikononi mwa waliokuwa wakiujua. Stesheni ya Igalula ni mtoto wa reli hiyo. Mji wetu mdogo umekaa kama ulivyokaa kwa sababu treni ilisimama hapa.

Waingereza walifuata na kodi yao ya nyumba na kichwa, kwa shilingi, lakini waliacha tundu dogo: mzee au mgonjwa asiye na kitu angeweza kusamehewa. Nadhani watu wa historia hawajalipa tundu hilo heshima inayostahili, maana ndipo kwa mara ya kwanza huku kwetu nafuu ya umma kwa mzee iliandikwa kwenye daftari, jina na alama pembeni. Na kilichoandikwa kinaweza kufutwa. Mzee aliyesamehewa, akauza nta ya msimu mzuri au magunia ya karanga, akaonekana dukani kwa Mhindi akilipa taslimu, alikuwa amempa mwanangwa sababu ya kumrudisha kwenye daftari la walipaji. Umaskini ukawa kitu cha kuonyesha, na wazee wakajifunza kuuonyesha vizuri.

Katikati ya tawala hizo mbili ilipita Vita ya Kwanza ya Dunia, na vita vilileta fedha ya ajabu kuliko zote zilizowahi kugusa njia hii. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na wamekosa sarafu, walifyatua za kwao kwenye karakana ya reli Lulanguru, mashariki kidogo ya mji wa Tabora, upande wetu huu. Walifyatua sarafu ndogo za shaba kwa wingi, na kama vipande 16,000 vya dhahabu vya rupia 15, vyenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora. Dhahabu ile ilibaki dhahabu. Lakini noti za dharura walizolipwa wapagazi wa vita na wauza nafaka, karatasi duni zenye mihuri, ziliwafia watu mkononi utawala ulipobadilika. Mpaka leo vijana wanachimba visiki na misingi ya zamani wakitafuta mali ya Mjerumani. Sijamwona aliyetajirika. Nimewaona waliouza baiskeli ili kununua mashine ya kutambua madini.

Mjerumani alirudi kulipa, kwa namna yake. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa malimbikizo askari wazee waliokuwa wamebaki wa jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika vita ile, na ofisi ya malipo ikafunguliwa Mwanza. Inasimuliwa kwamba walikuja wazee mia tatu na zaidi, wachache tu wakiwa na vyeti. Wengine walikuja na vipande vya sare, wengine mikono mitupu. Ofisa akampa kila mmoja ufagio, akaanza kutoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Wote, inasimuliwa, waliubeba ufagio kama bunduki bila kukosea. Hadithi imepita midomo mingi na pengine imenona njiani, lakini malipo yenyewe yalikuwepo, na miongoni mwa askari wa jeshi lile Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wengi. Fedha ile ilimpata mzee ambaye hakuwa kwenye orodha yoyote ya serikali mpya. Utemi ulikuwa umefutwa kisheria mwaka mmoja nyuma, na ghala la ikulu lilikuwa limeshakuwa masimulizi. Hakuwa na nafuu ya kupoteza. Alikuwa na wajukuu tu.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataja wazee waziwazi: wao na watoto na wasiojiweza wana haki ya kuishi kwa jasho la wengine bila kuitwa wanyonyaji. Ni kauli nzito na mimi niliifundisha kwa dhati. Haikuwa na shilingi ndani yake.

Kisha wazee wa reli. Hapa stesheni hilo ni jambo la kila nyumba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa mashirika yake ya reli, bandari, posta na ndege walibaki wanadai mafao yao. Walidai mpaka wakazeeka. Mwaka 2005 wakafikia makubaliano na serikali, malipo yakaanza, na mabishano ya nani amelipwa kamili na nani amepunjwa yakaendelea miaka mingi baadaye. Nakumbuka hali ilivyokuwa fedha zile zilipowafikia wazee wa kwetu. Watoto waliokuwa Dar bila salamu wakakumbuka treni ya Tabora. Mafundi bati walipata kazi. Mzee mmoja jirani yetu alinunua redio kubwa, akaiweka dirishani ikitazama nje. Hakuna aliyemuuliza kama amestahili. Watu waliona ni mshahara wake wa zamani umechelewa.

Sasa TASAF. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulianza mwaka 2000 kwa kujenga madarasa na zahanati. Mwaka 2012 ukazinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao unampa mtu fedha mkononi, na awamu yake ya pili ikazinduliwa Februari 2020. Katika miaka ya mwanzo ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, ikiongezeka kwa kaya yenye watoto, na malipo yakitolewa kila baada ya miezi miwili. Kwa msomaji wa mjini 10,000 ni fedha ya kupoteza kwenye bajaji. Kwa bibi anayekula matobolwa na mlenda kuanzia Januari hadi mahindi mabichi yatoke, ni chumvi, sabuni, mafuta ya taa na kusaga debe moja bila kumpigia mtu magoti.

Orodha ilivyopatikana ndicho kitu kinachonivutia mimi kama mwalimu wa historia. Kwanza mkutano wa kijiji ulitaja kaya maskini, hadharani, kwa majina. Kisha wawezeshaji wakapita nyumba kwa nyumba na dodoso. Majibu yakaingia kwenye kompyuta, kompyuta ikakadiria hali ya kaya, na orodha ikarudi kwenye mkutano kuthibitishwa. Kwa hiyo yule mnyampara wa zamani hakufa, ameongezewa mashine. Mkutano unamjua mtu kwa maisha yake. Mashine inamjua kwa dalili, maana kijijini hakuna hati ya mshahara ya kukagua: kaya ina watu wangapi, nani anaweza kufanya kazi, nyumba ina ukuta gani, sakafu gani, paa gani, kuna mifugo au hakuna. Na daftari hili, kama lile la Mwingereza, linapitiwa upya. Mwaka 2016 serikali ilihakiki nchi nzima na maelfu ya kaya zikaondolewa kwa kukosa sifa. Walikuwepo humo watu ambao hawakustahili tangu mwanzo, wenye maduka na wenye ndugu kwenye kamati, nani atabisha? Lakini uhakiki ule uliwafundisha wazee wote, wenye sifa na wasio nazo, kuogopa kuonekana.

Kwenye hofu hiyo likaja suala la mama yangu mkubwa, dada wa marehemu mama.

Mradi ulipita kwenye shamba lake. Mthamini alikuja na rula ya kukunjua na kopo la rangi, akaandika namba nyekundu kwenye shina la kila mwembe, akapima kipande kinachotwaliwa, akaliandika na kaburi la baba mkubwa lililokuwa pembeni. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimeeleza fidia ina nini ndani yake: thamani ya ardhi, thamani ya vilivyopandwa na kujengwa, posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi. Nilimsomea kila mstari. Akauliza kwa nini mwembe mzee umepewa thamani ndogo kuliko alivyodhani, nikamwambia sijui, akasema, "Hao hawajawahi kuula." Akaweka dole gumba.

Fedha iliingia benki, milioni moja na laki kadhaa. Nilimfanyia hesabu ya ubaoni: milioni 1.2 ni shilingi 10,000 kila mwezi kwa miaka kumi. Ukiitazama hivyo ni nyingi. Kisha tukatoa vya kutoa. Kaburi lilihamishwa na khitma ikasomwa, maana baba mkubwa hawezi kuhamishwa kimyakimya kama mzigo wa stesheni. Deni la duka likalipwa. Mahindi ya kula mpaka mavuno yakanunuliwa, kwa kuwa shamba lenyewe lililokuwa likimlisha limepungua. Mbuzi wawili. Iliyobaki ilitosha bati.

Hapo ndipo wanawe waliposema subiri. Usiezeke mama, mpaka wadodosaji wapite. Kaa na nyasi msimu mmoja zaidi.

Mimi nilimwambia aezeke. Paa la nyasi la mwanamke wa umri wake si umaskini wa bure, ni gharama. Kila baada ya misimu michache linadai nyasi mpya, na nyasi zinadai kijana wa kuzikata na mwingine wa kupanda juu, na vijana siku hizi hawaridhiki na kibuyu cha pombe. Bati kwake ni kuacha kulipa watu. Lakini kwenye dodoso bati ni bati. Halisemi limenunuliwa na mfanyabiashara au na mjane aliyenyang'anywa nusu ya shamba. Waliotunga kipimo wana hoja yao, na ni hoja ya kweli: nchi yenye kaya milioni moja za kusaidia haiwezi kukaa na kila bibi na kusikiliza historia ya paa lake. Ila mkutano wa kijiji unaweza, na kwa sababu hiyo nauamini kuliko mashine, pamoja na fitina zake zote.

Aliezeka. Kwenye mkutano wa kupitia orodha mwanamume mmoja alisimama, akaanza kwa heshima, "Shikamoo mama, sina ugomvi na wewe," kisha akasema alichokuja kusema: kuna watu wamelipwa mamilioni na bado wanapanga foleni siku ya dirisha la malipo. Hakumtaja. Hakuhitaji, bati lilikuwa linang'aa kutoka pale tulipokaa.

Mama mkubwa hakuniachia nimsemee. Alisimama, akajifunga khanga vizuri, akasema: "Mwanangu, ile ni fedha ya shamba. Shamba limekwenda. Nimeuza nilichokuwa ninakula, na kuuza kwenyewe sikutaka. Sasa wewe unaniita tajiri?"

Watu walicheka, naye yule bwana akacheka, lakini mimi nilishika kalamu. Maana nikirudi nyuma kwenye njia hii yote, kaniki ya mama wa mpagazi ilikuwa ujira wa miguu ya mwanawe. Malipo ya Mwanza yalikuwa ujira wa vita uliochelewa karibu miaka 50. Fedha za wazee wa reli zilikuwa akiba yao wenyewe. Fidia ni shamba limegeuzwa karatasi. Tunaziita bahati kwa kuwa tunaona siku inapofika tu, hatuoni ilikotoka. Bahati ya kuokota, ya dhahabu ya Lulanguru, Igalula sijaiona.

Jina la mama mkubwa lilibaki kwenye orodha ya mkutano. Mbuzi aliwataja mwenyewe alipoulizwa, wote wawili, ingawa mtoto wake wa mwisho alikuwa ameshapanga wapelekwe kwa mjomba kule Goweko mpaka mambo yatulie.

Ng'ambo ya maji mambo ni tofauti. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwaka 2016: mkazi wa miaka 70 na kuendelea analipwa, mwanzoni shilingi 20,000 kwa mwezi, na kiwango kimepandishwa tangu hapo. Haulizwi paa. Kenya nayo ilianza kwa kuchagua wazee maskini, kisha mwaka 2018 ikapanua Inua Jamii kwa waliotimiza miaka 70, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, isipokuwa wenye pensheni nyingine. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003 na msamaha wa matibabu kwa mzee asiye na uwezo, na hapo napo neno lenye uzito ni uwezo, na anayethibitisha uwezo huo ni serikali ya kijiji, yaani majirani tena.

Nilipomweleza mama mkubwa habari za Unguja alifikiri kidogo, akauliza huko umri wanaujuaje. Yeye alizaliwa baba yake akiwa kibarua kwenye mradi wa karanga wa Urambo, na mradi ule ulianza mwaka 1947 ukafa mwaka 1951. Kitambulisho chake kinasema 1952. Nikamwambia kwa vyovyote vile 70 ameshaipita. "Basi waandikie," akasema.

Nimewaandikia halmashauri kuhusu kiwango cha mwembe, kwanza. Hilo lina tarehe ya mwisho.